Nyumba Niliyoambiwa Niiruke

Mlioanza nami mnajua nilipowaachia wiki iliyopita. Mtoto wa mchimba makaa wa Kentucky, nimeacha chuo mwaka wa mwisho, nimemwambia baba yangu usoni kwamba shahada ni karatasi tu na mimi nimeshapata kazi ya kudumu.

Baba alikohoa, akatema kwenye kopo lake, akaniuliza, "Kazi ya kudumu ndiyo ipi, Verlin? Kubisha milango ya watu?"

Nikamcheka mzee wa watu.

Mliochelewa, shikeni hili moja. Kila mwezi wa Mei Kampuni yetu iliwakusanya wanafunzi wa vyuo mjini Nashville, ikawanoa wiki moja, kisha ikawamwaga majimbo ya mbali wakauze vitabu vya shule nyumba kwa nyumba majira yote ya joto. Mshahara hakuna. Hukuuza, hukula. Walituita wafanyabiashara wanaojitegemea. Maana yake ni kwamba mbwa akikuuma, mbwa ni wako.

Nilianza hivyo nina miaka kumi na tisa, nikakaa miaka kumi na tatu. Kutoka kubisha nikapanda hadi kufundisha kubisha. Vijana wasiopungua mia sita walipita mikononi mwangu, na kila Mei nilisimama jukwaani na tai yangu nyekundu nikawaambia, "Msidanganywe kuwa hii ni kazi ya likizo. Hii ni ngazi. Nitazameni mimi!"

Wakanitazama. Ndiyo dhambi yangu ya kwanza, na ni ndogo kuliko ya leo.

Leo nasema kile nilichokuwa nakizunguka wiki zote hizi kama paka na uji wa moto. Mficha uchi hazai. Kilichonipandisha ngazi ile hakikuwa juhudi wala kipaji. Kilikuwa kisa kimoja, na katika Kampuni kisa hicho kilikuwa na jina kabisa. Kiliitwa Kisa cha Lorna.

Nilikisimulia hivi.

Kijana mgeni, ndiye mimi huyo, mwaka wake wa kwanza, yuko Iowa kwenye joto la Juni. Anabisha mlango. Anatoka mama. Kijana anamuulizia mtoto wake, Lorna, kwa furaha kabisa, bila kujua kuwa Lorna alizikwa miezi minne iliyopita. Mama anaangua kilio. Kijana anafunga begi lake, anataka kukimbia. Mama anamshika mkono wa shati: "Usiende, mwanangu. Tangu mazishi watu wanaogopa kulitaja jina lake. Wewe ndiye wa kwanza." Kisha ananunua vitabu vyote kwa ajili ya mdogo wake Lorna.

Hapo nilikuwa nanyamaza kidogo, nahesabu moyoni hadi tano. Halafu nawapiga na funzo: "Ukiogopa mlango, umemnyima mama faraja yake. Usiruke mlango!"

Ukumbi mzima ulikuwa unalia. Mkubwa wangu, Bwana Harlan Tidwell, alikikariri kisa hicho kama sala, na bado alikuwa anafuta macho.

Basi Mei mwaka themanini na tano, Tidwell akanivuta pembeni ya jukwaa.

"Verlin, leo simulia kuliko siku zote. Wakubwa wote wako mstari wa mbele. Ukishuka hapo tunatia sahihi mkataba wako. Majimbo saba, mwanangu. Mkuu wake wewe."

"Nitawaliza, mzee."

"Najua utawaliza. Ndiyo kazi yako."

Vijana mia nne ukumbini. Desturi yetu kisa hakisimuliwi kikavu, kinaigizwa. Mwuzaji anabaki mwuzaji, na mwanafunzi mmoja anapanda kuwa mama mwenye nyumba, ili wote waone mlango unavyofunguliwa. Nikauliza, "Nani atakuwa mama?"

Mikono ikainuka kama shamba la mahindi. Lakini msichana mmoja wa mstari wa tatu hakuinua mkono. Alisimama tu, akaja. Gauni la buluu, nywele fupi, miwani.

"Jina lako nani, dada?"

"Tuanze tu," akasema.

Ukumbi ukacheka. Mimi pia nikacheka. Nikabisha hewani mara tatu, nikarudi nyuma hatua mbili kama tulivyofundishwa, nikafungua tabasamu.

"Mama, sitakuchukulia muda mrefu, najua una shughuli zako." Huo ndio ulikuwa ufunguo wetu. Kijana asiyeujua hakuruhusiwa kutoka Nashville. "Nawatembelea wazazi wote wa hapa. Bila shaka wewe ndiye mama yake Lorna?"

Kwa kawaida hapo mwigizaji anajifunika uso, analia kilio cha uongo, na mimi naendelea.

Huyu hakulia. Alinitazama, kisha akasema taratibu, "Ingia. Futa viatu, sakafu bado mbichi."

Nikafuta viatu kweli, pale pale jukwaani.

Wasomaji wangu, ndivyo yule mama alivyosema. Hivyo hivyo, neno kwa neno. Na mimi sikuwahi kumwambia mtu. Nani anayetia sakafu mbichi kwenye kisa cha kuliza watu?

"Umeshakula?" akaendelea. "Kuna pai ya cheri. Kaa. Si hicho, hicho ni kiti cha Lorna. Kaa hiki."

Vijana wanadhani ni usanii. Tidwell ananionyesha dole gumba. Nikajikaza kisabuni.

"Asante, mama."

"Haya niambie. Jina la Lorna umelijuaje?"

Mdomo wangu ukajibu wenyewe. Ukajibu kama ulivyojibu miaka kumi na tatu nyuma, kwa sauti ile ile ya asali. "Nimetoka kwa Bi Roelofs, nyumba ya pili. Amemsifu sana. Anasema Lorna ana akili sana."

"Ana akili?"

"Ndiyo, mama. Sana."

"Bi Roelofs ndiye amekutuma kwangu?"

"Ndiye."

Msichana akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni. "Asante," akasema. "Nimempata niliyemfuata." Akashuka, akarudi kitini kwake.

Ukumbi ukalipuka. Walipiga makofi wamesimama. Nikamalizia kisa mbiombio, na hata funzo la mwisho nililisahau nusu. Hakuna aliyegundua. Wakubwa mstari wa mbele walikuwa wanapeana leso.

Nyuma ya jukwaa kulikuwa na chumba kidogo, meza, viti viwili, simu ya ukutani. Mkataba uko mezani. Tidwell ameshafungua kalamu.

"Yule binti umempata wapi?" anauliza, anacheka peke yake. "Sakafu mbichi! Pai ya cheri! Mwaka mzima mnaniandalia hiki bila kuniambia? Tutazunguka naye vyuo vyote. Mwite atie sahihi naye, asituponyoke."

Kabla sijajibu, mlango ukabishwa. Mara tatu. Nikasikia hatua mbili zikirudi nyuma.

Tidwell akafungua. Ni yeye.

"Sitawachukulia muda mrefu," akasema.

"Binti, wewe una kazi ya maisha hapa!" Tidwell akamvuta ndani. "Kaa, kaa. Unaitwa nani?"

"Marlys Dykstra."

Dykstra. Jina lile nililiandika kwa mkono wangu Juni ya mwaka sabini na mbili, kwenye kadi ya ramani yangu.

"Lorna alikuwa dada yangu," akaniambia mimi, si Tidwell. "Mimi ndiye mdogo wake aliyenunuliwa vitabu. Nilikuwa na miaka sita, nimejificha chini ya meza. Viatu vyako vilikuwa na matope upande wa kushoto."

Tidwell alikuwa mwepesi, lazima nimpe haki yake. "Ee Mungu! Unaona, Verlin? Unaona kazi hii inavyorudi na mavuno? Na vitabu, binti, vilikusaidia?"

"Nilivisoma vyote. Ni vizuri. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi."

Akavuta kiti, akakaa mbele yangu.

"Chuoni kwetu alikuja mmoja wa vijana wako, akatusimulia Kisa cha Lorna. Akataja Iowa, akataja kila kitu. Nikajiandikisha siku hiyo hiyo. Sikuja kuuza vitabu, kaka. Nimekuja kukuuliza swali moja."

"Uliza."

"Ulipobisha kwetu, ulijua kuwa Lorna amekufa, au hukujua?"

"Hakujua!" Tidwell akamjibu kwa niaba yangu. "Watu mia nne wametoka kusikia sasa hivi kuwa hakujua."

"Sijakuuliza wewe, mzee."

Ngojeni. Kabla sijawaambia nilichomjibu, sikieni alichonieleza, maana hapo ndipo mtajua kilichokuwa mezani, mbali na ule mkataba.

Siku ya pili baada ya mimi kuondoka, mama yake, Bi Alma Dykstra, alivuka ua akaenda kwa jirani yake Bi Roelofs. Walikuwa marafiki wa chanda na pete. Walikuwa wanapika jamu pamoja, na Bi Roelofs ndiye aliyemwosha Lorna na kumvika kwa mazishi. Bi Dykstra akamuuliza, "Gertie, umemtumaje kijana wa watu kwangu bila kumwambia mwanangu amekufa?"

Bi Roelofs akaapa. "Alma, nilimwambia. Nilimwambia airuke nyumba yako."

"Kijana alipauka uso! Hakujua! Mtoto yule ana uso wa kanisani, Gertie. Ungesema tu umesahau, ningekusamehe. Lakini kumsingizia mtoto?"

"Alma, mimi nikudanganye wewe?"

"Basi mmoja wenu ni mwongo. Na si yule mtoto."

Wakaachana hapo. Miaka kumi na tatu madirisha ya jiko yanatazamana, na mama wawili hawasalimiani. Kanisani mmoja anakaa kulia, mwingine kushoto.

"Mama amekutetea wewe miaka yote hiyo," Marlys akasema. "Bi Roelofs sasa yuko kitandani. Ini. Daktari anasema huenda asiione Jumapili. Kila siku anamuulizia mama. Mama anasema ataenda siku Gertie atakapokubali kuwa alidanganya. Na Gertie hawezi kukubali. Sasa niambie, kaka. Mwongo ni nani?"

Nilitazama meza.

Ukweli ni huu, na nimeubeba hadi mgongo umepinda.

Kazi yetu iliendeshwa kwa majina. Ukiingia nyumba ya kwanza hukuanza na vitabu. Uliuliza habari za majirani. Nani anakaa pale, ana watoto wangapi, wanaitwa nani, mbwa ni mkali? Unachora ramani kwenye kadi. Ukifika nyumba ya pili unaingia na majina ya watoto mdomoni kama ndugu aliyepotea, na mama anafungua. Mtu hamfungii mlango anayemjua mwanawe kwa jina.

Bi Roelofs alinipa majina yote ya njia ile. Alikuwa mama mnene, mikono imejaa unga.

"Na nyumba ile nyeupe, mama?"

Akaacha kukanda. "Ile iruke, mwanangu."

"Kuna nini?"

"Kina Dykstra. Walikuwa na Lorna, miaka tisa. Homa ya uti wa mgongo, Februari hii. Amebaki mdogo, Marlys. Mama yake hajasimama bado. Nakuomba, pita mbali. Utaniahidi?"

"Nakuahidi, mama."

Nikaandika kwenye kadi mbele ya macho yake: Lorna, 9, AMEKUFA Feb. RUKA.

Nikatoka. Nikakaa juu ya ukingo wa mtaro kama dakika kumi. Wiki ile nilikuwa sijauza kitu. Jumapili tulikuwa tunakutana vijana wote wa kata ile, na aliyeshika mkia alisimama juu ya kiti akaimba wimbo wa Kampuni peke yake, wenzake wanambwekea kama mbwa. Mimi nilikuwa nimeshabwekewa mara mbili. Na Nashville walitupandikizia amri moja kila asubuhi, tunaipigia kelele mbele ya kioo: Usiruke mlango! Ukiruka mmoja utaruka kumi!

Lakini nisiwasingizie wao peke yao. Amri ni yao. Wazo ni langu. Nilikaa pale nikawaza kwa akili timamu kwamba mama aliyefiwa na binti yake hawezi kumfukuza mtu anayelitaja jina la binti huyo kana kwamba yuko hai. Niliwaza hivyo. Neno halikuniponyoka.

Nikasimama, nikajipangusa suruali, nikaenda.

Na ule uso uliopauka? Ulipauka kweli. Si kwa huzuni. Aliponiuliza jina nimelijuaje, niliona nimekamatwa, nikamtupia Bi Roelofs mzigo ili nijiokoe, na damu ikanitoka usoni kwa woga. Mama wa watu akausoma woga wangu kuwa ni usafi wa moyo. Akanikatia pai.

Tazameni nilivyoila pai ile miaka yote iliyofuata. Nikaipeleka jukwaani. Nikawafundisha vijana mia sita. Wengine wao, najua kwa majina, walianza kuulizia nyumba zenye msiba kwa makusudi. Mmoja aliniandikia barua ya shukrani.

"Verlin." Sauti ya Tidwell ilikuwa ya upole sana. "Jibu ni jepesi. Hukujua. Useme hivyo, binti aende zake, tutie sahihi. Ukisema vinginevyo hakuna kisa, na bila kisa hakuna wewe. Una miaka thelathini na mbili, huna shahada, baba yako mapafu yameisha. Utaenda wapi?"

"Mzee, kuna mtu anakufa," Marlys akasema.

"Kila mji una mgonjwa, binti. Sisi si hospitali."

Marlys akasimama. Nilidhani anaondoka. Akaenda kwenye simu ya ukutani, akazungusha namba, akasubiri. Tidwell akaniwekea kalamu mkononi, akanifunga vidole juu yake kimoja kimoja, kama unavyomfundisha mtoto kuandika.

"Mama? Ni mimi. Niko naye hapa… Ndiyo, yeye mwenyewe. Atakuambia kwa mdomo wake… Hapana, mama, sijui atasema nini. Msikilize tu."

Akaninyooshea simu. Waya ulifika kwa shida hadi mezani.

"Mwambie," akasema. "Lolote utakalosema atakuamini wewe. Ndivyo ulivyomfanya."

Mkono mmoja una kalamu, mwingine una simu. Nikaiweka sikioni. Nikasikia pumzi ya mtu mzima, na kwa mbali, redio ya jikoni.

"Haloo? Ndiye yule kijana wa vitabu?"

"Ndiye, mama."

"Aa, mwanangu!" Sauti ilikuwa na furaha, Mungu wangu, ilikuwa na furaha. "Siku zote nakufikiria. Siku ile uliondoka hujamaliza pai yako. Nikasema, mtoto yule nimemkatisha hamu na machozi yangu. Haya, Marlys anasema una neno. Niambie. Gertie alikwambia, au hakukwambia?"

Nikamtazama Marlys. Nikautazama mkataba, mstari wa chini, mahali pa jina langu. Nilikuwa nimefundisha wanafunzi mia sita cha kusema mbele ya mlango wowote, na huu nao ulikuwa mlango.

Nikafungua mdomo, na maneno ya kwanza yaliyotoka yalikuwa haya:

"Mama, sitakuchukulia muda mrefu, najua una shughuli zako…"

Nyuma yangu nikamsikia Tidwell akishusha pumzi kwa raha. Aliyajua maneno hayo. Yeye ndiye aliyenifundisha. Nilichomwambia mama baada ya hapo, nitawaambia wiki ijayo.